Kiti Kilichopita Madhabahuni

Tekla alikuwa anatoka chooni na mumewe mgongoni. Njia ilikuwa imelowa ukungu wa Juni, ule wa Mafinga unaogoma kuondoka hata jua likishatoka, na kila hatua aliipapasa kwanza kwa kidole gumba kabla ya kuiamini. Sedekia, huko juu, alikuwa anatoa maelekezo.

“Kushoto. Kuna tope hapo.”

“Naliona.”

“Unaliona halafu unalikanyaga?”

“Basi shuka utembee, bwana mkubwa.”

Wakacheka wote wawili, ila kicheko cha Tekla kilikatika njiani kwa sababu pumzi ilikuwa na kazi nyingine. Miguu ya Sedekia ilining'inia mbavuni kwake kama soksi kwenye kamba. Kandambili moja ilikuwa imefungwa kwa uzi, maana ikimvuka mwenyewe hana habari.

Anjela alisimama uani na kiti cha magurudumu, hajui asalimie au atazame pembeni.

“Kamwene,” akasema mwishowe.

“Kamwene,” wakaitikia. Tekla akamtua mumewe kwenye gogo lililokuwa mlangoni, akanyoosha mgongo mpaka ukalia ko!

Sedekia alikuwa amekwisha kukiona. Alikitazama kiti, akamtazama Anjela, akakitazama tena.

“Ndo chenyewe?”

“Ndo chenyewe, kaka.”

Kamati ya Diakonia, ile ya kuhudumia wahitaji wa usharika, ilikuwa imeanza kama mchezo. Jumapili moja mchungaji alisema mwenye mzigo moyoni kwa ajili ya wahitaji asimame. Anjela mguu ulikuwa umemfa ganzi, akasimama kuunyoosha, na alipotaka kukaa kanisa zima lilikuwa linampigia makofi. Akawa katibu. Vijana wengine wanne wakaingizwa kwenye kamati kwa kosa la kumcheka. Lakini walipofika kwa Sedekia, kwenye nyumba yake ya mabanzi, wakamkuta yuko sakafuni tangu alfajiri anamsubiri mkewe arudi kutoka kuchuma chai, na suruali imelowa, hakuna aliyecheka tena. Waliomba fedha usharikani. Mchungaji akasema fedha yote iko kwenye mnara wa kengele. Basi wakaosha malori ya mbao, wakauza maandazi baada ya ibada, wakaimba kwenye harusi za watu wasiowajua. Mwisho Anjela akapanda basi hadi Mbeya, akazunguka soko la Mwanjelwa katikati ya mitumba mpaka akakipata. Kiti cha magurudumu, kilichochakaa mkono mmoja, kina stika ya hospitali ya nchi ambayo maandishi yake yanafanana na wadudu. Lakini magurudumu yalizunguka na breki zilishika.

Sedekia akakikalia. Alishika magurudumu, akajisukuma juu ya vumbi la mbao lililojaa uani, akafika kwenye uzio, akageuza, akarudi. Akaenda tena. Safari ya tatu akaingia nyuma ya nyumba, akapotea kabisa machoni pa mkewe.

“Uko wapi?” Tekla akaita.

“Sikwambii!”

Tekla akaziba mdomo kwa kanga. Alikaa hivyo muda mrefu, mabega yanamtikisika, na Anjela akaona ni vizuri aanze kukagua stika ya wadudu.

Ndipo Halfani akabisha hodi. Halfani alikuwa na karakana ya samani kando ya barabara kuu. Babu yake alitoka pwani na gunia la chumvi, yeye mwenyewe akazaliwa hapa hapa na baridi ameizoea kuliko Wahehe. Alikuwa na tenda ya madawati na alihitaji mtu wa kupiga msasa na vanishi, kazi ya kukaa.

“Ehee! Sasa wewe ni fundi,” akamwambia Sedekia. “Nilimwambia shemeji hapa, mimi nataka mtu anayejisogeza mwenyewe. Vijana wangu hawawezi kuacha randa wakambebe mtu kwenda chooni. Watanikimbia.”

“Nitajisogeza.”

“Jumatatu asubuhi nikukute mlangoni. Ukichelewa namchukua mwingine, na usininunie. Wanaoitaka nafasi wako wengi, wana miguu yote.”

“Hao wana miguu, mimi nina magurudumu.”

Halfani akacheka, akaondoka. Kwa hiyo mambo yalikuwa yamekwisha, na Anjela alikuwa tayari anajiuliza mhitaji wa pili awe nani, wakati mzee Benjamini alipoingia uani bila hodi.

Mzee Benjamini alikuwa mzee wa kanisa na dalali wa mnada wa sadaka. Alikuwa na sauti ya kuuza jogoo mgonjwa kwa bei ya ndama. Leo hakuitumia.

“Anjela, nani kawaruhusu kutoa hiki kiti?”

“Tumekinunua wenyewe, mzee.”

“Mmekinunua kwa jina la nani? Si la usharika? Maandazi mmeuzia wapi? Si kwenye uwanja wa kanisa? Kitu cha kanisa hakitoki bila kupita madhabahuni, mwanangu. Na kesho mkuu wa jimbo yuko kwetu. Unataka aambiwe tuna diakonia, akiuliza iko wapi, tumwambie iko nyuma ya nyumba ya mtu?”

“Lakini Jumatatu ana kazi.”

“Kwani Jumatatu iko kabla ya Jumapili? Kiti kitabarikiwa kesho, atakabidhiwa mbele ya watu, atapigwa picha, atarudi nacho. Nani anapungukiwa?”

Anjela alikuwa na maneno mengi siku zote, hata mwalimu wake wa kidato cha nne alimwandikia hivyo kwenye ripoti. Akamtazama Sedekia.

“Ni usiku mmoja tu, kaka.”

Sedekia alikuwa ameshika magurudumu yote mawili. Akayaachia.

“Haya,” akasema. “Kiende kikabarikiwe. Tekla, njoo unitoe.”

*

Jumapili Sedekia aliletwa kanisani kwa toroli. Anord, mmoja wa vijana wa kamati, ndiye aliyelisukuma, na Tekla alitembea kando ameushika mgongo wa mumewe asipinduke kwenye mawe. Sedekia alivaa koti la harusi yake. Vumbi la saruji la kwenye toroli lilimchora mstari mweupe kiunoni.

“Nimekuwa mfuko wa simenti,” akamwambia Anord. “Uangalie wasinijengee mnara.”

Mkuu wa jimbo, aliye juu ya wachungaji wote wa eneo hilo, alifika na mama yake mzazi, bibi mwenye miwani na afya yake, ambaye alishuka kwenye gari kabla ya kufunguliwa mlango na akalizunguka kanisa lote akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Walikaa mbele. Karibu nao alikaa mzee Didas, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Mzee Didas alikuwa na mashine tatu za kupasulia magogo porini Sao Hill. Kwenye mojawapo, mwaka jana, mnyororo uliokuwa umeungwa kwa waya ulikatika na magogo yakateremka. Wenzake Sedekia waliruka. Yeye alikuwa upande wa chini. Wiki ya kwanza mzee Didas alilipa hospitali. Wiki ya pili alileta sukari na sabuni. Baada ya hapo alileta salamu. Sedekia alipopeleka malalamiko Ofisi ya Kazi, mzee Didas alijibu kwamba yule alikuwa kibarua wa siku moja, jina lake halijui vizuri, na alikuja amekunywa pombe ya ulanzi. Sedekia alikuwa amefanya kazi pale miaka sita na kwenye kwaya yeye na mzee Didas walisimama mstari mmoja, wa sauti ya besi.

Wakati wa sadaka kiti kilipelekwa mbele pamoja na mavuno. Mtu alikifunga utepe mwekundu. Kikawekwa kati ya debe la mahindi na mkungu wa ndizi, mchungaji akanyoosha mikono juu ya vyote kwa pamoja, akaomba. Anjela alikuwa na furaha kidogo. Hakuipenda hiyo furaha, lakini ilikuwepo.

Ibada ilipokwisha, watu wakatoka uwanjani kwa ajili ya mnada. Ndivyo inavyokuwa siku zote. Kitu kilichopelekwa madhabahuni hakirudi kwa aliyekileta. Kinatolewa nje, kinanadiwa, na fedha inakwenda kanisani. Yai linaweza kununuliwa mara nne, kwa sababu anayelinunua anamzawadia mchungaji, mchungaji analirudisha, linanadiwa upya, na watu wanacheka na kutoa. Mnada huo ndio ulioezeka kanisa.

Mzee Benjamini aliuza mahindi. Akauza ndizi. Akauza bata, akimsifia kwamba ni bata aliyebatizwa. Kisha akashika mikono ya kiti, akakisukuma katikati ya duara.

“Na hiki je?”

“Hicho si cha mnada!” Anjela akapaza sauti.

“Mnunuzi wa kwanza huyo!” mzee Benjamini akadakia. Uwanja mzima ukaangua kicheko. “Binti anaanza na ngapi?”

“Mzee, hicho ni cha Sedekia! Jana umesema mwenyewe!”

Mzee Benjamini akasita. Kweli alisema. Ilionekana usoni kwamba mikono yake ilikuwa imekikamata kiti kwa mazoea tu, kama ilivyokamata bata. Akamgeukia mchungaji. Mchungaji akamtazama mkuu wa jimbo, ambaye alikuwa anatabasamu kwa kila kitu. Mgeni alikuwa anangojeshwa, na mchungaji hakulipenda hilo.

“Wapendwa,” akasema, “kitu kikishapita madhabahuni ni cha Bwana. Hatuwezi kukitoa kwenye mnada, lakini tunaweza kukitoa kwa upendo. Kinadiwe. Atakayekinunua amzawadie mhitaji. Hapo mnara umepata, na mhitaji amepata. Si baraka mara mbili hiyo?”

“Ameni!” Watu walifurahi sana. Ilikuwa akili nzuri.

Anjela akawaita wenzake. Wakakung'uta mifuko, Anord akatoa hata nauli ya kurudi chuoni. Kamati ya Diakonia ikaanza kununua kiti chake yenyewe.

“Binti anaongeza! Nani zaidi ya binti?”

Mzee Didas akanyanyua kidole.

Anjela akaongeza. Mzee Didas akanyanyua kidole. Tekla akaja akamtia Anjela noti mkononi, ilikuwa imekunjwa ndogo kama dawa ya kienyeji. Anjela akaongeza. Mzee Didas hakunyanyua kidole tena, alitaja kiasi, na kilikuwa kiasi cha kumfanya hata bata anyamaze. Vigelegele vikapasuka. Akina mama wakatandika kanga chini apite juu yake.

“Si mbaya,” Anord akamnong'oneza Anjela. “Acha alipe. Ndo yeye wa kulipa, au siyo? Leo atampa mwenyewe kwa mkono wake.”

Anjela akageuka kumtazama Sedekia kwenye toroli lake ukutani. Sedekia alikuwa ameshafunga vifungo vya koti, tayari kuitwa mbele.

Mzee Didas alikanyaga kanga zile, akashika kiti, akakigeuza taratibu. Macho yake yalipita juu ya toroli kama mtu anayesoma kibao cha barabara ya kijiji asichokwenda.

“Mimi na familia yangu,” akasema, “tunamzawadia mama mzazi wa mkuu wa jimbo wetu. Ametulelea kiongozi. Na nimesikia magoti yanamsumbua.”

Kulikuwa na pumzi moja ya kutoelewa. Kisha mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakaona ni salama, wakapiga. Bibi akasimama, akapiga magoti kidogo kushukuru, akasimama tena bila kushika kitu chochote.

*

Anjela alimpata mzee Didas kwenye kona ya ofisi ya usharika, karibu na tofali za mnara.

“Mzee, umesikia mchungaji alivyosema. Anayenunua anampa mhitaji.”

“Na nimempa mhitaji. Huna bibi wewe? Magoti ya uzeeni unayajua?”

“Mhitaji ni Sedekia!”

“Sauti, binti yangu.” Akamshika kiwiko, kwa upole kabisa. “Sikiliza nikufundishe. Nikimpa kiti yule, mbele ya watu wote hawa na simu zinarekodi, kesho Ofisi ya Kazi watasemaje? Watasema mbona Didas kamnunulia kiti kama hahusiki. Si nitakuwa nimekiri?”

“Basi ungenyamaza. Ungetuachia sisi tukinunue.”

“Mkinunue, mumpe, halafu awe anapita nacho barabara kuu kila asubuhi?” Mzee Didas alionekana kushangaa kwamba msichana aliyesoma hakuwa amefikiria hilo. “Kila mgeni anauliza, huyu kaumia wapi? Hapana. Nyumbani anatunzwa vizuri. Mke anaye.”

Akamwachia kiwiko, akampigapiga begani, akaenda kula na wageni.

Mchungaji alikuwa ananawa mikono. Alimsikiliza Anjela mpaka mwisho, na ilikuwa wazi kwamba yalimuuma. Alikunja uso.

“Sasa nifanyeje, Anjela? Nimwambie mama wa mkuu wa jimbo, bibi, rudisha? Zawadi imeshatangazwa. Itakuwa aibu ya usharika mzima.”

“Na Sedekia?”

“Tutamwingiza kwenye maombi ya Jumatano. Na mwakani, mnara ukiisha, diakonia itapewa fungu lake. Nakuahidi.”

“Kazi ni kesho, mchungaji. Halfani hasubiri.”

“Aende kwa toroli kwa sasa. Si vijana mpo?”

“Akifika? Atakaa ndani ya toroli anapiga msasa? Akitaka kujisaidia?”

Mchungaji akafuta mikono kidole kimoja kimoja. “Wewe una moyo mzuri sana,” akasema. “Ila una haraka. Umeleta kiti wiki ambayo tuna mgeni, hukuuliza mtu. Ungekuja kwangu kwanza, tungelipanga.”

Jana Anjela alikuwa na kiti mkononi, na Sedekia amekikalia. Mtu alikuwa amepotea nyuma ya nyumba anacheka. Angeweza kusema hapana mara moja tu, pale uani, mzee Benjamini angenuna na mambo yangeisha. Ndani wageni walikuwa wanasifia kuku.

*

Gari la mkuu wa jimbo lilikuwa lile la wazi nyuma. Dereva alipakia zawadi: mahindi, maboga, mkaa, miwa. Kiti alikipakia mwisho, na kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha, akakitumia kama kapu. Juu yake akaweka mkungu wa ndizi, na juu ya ndizi akamfunga jogoo kwa utepe mwekundu ili asiruke. Bibi akakusanya kanga yake, akakanyaga ngazi ya gari, akapanda mbele peke yake.

Anjela alipofika, dereva alikuwa anafunga ubao wa nyuma wa gari. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukashika gurudumu.

“Dada, achia. Tuna safari ya Iringa.”

Hakuachia. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa ameshika tu, chuma kilikuwa cha baridi, na watu wakaanza kugeuka.

“Anjela,” Sedekia akaita kutoka ukutani. Sauti ilikuwa ya kawaida, ile ya kuonya kuhusu tope. “Achia, mdogo wangu. Twende nyumbani.”

Badala yake Tekla ndiye aliyekuja. Alimpita mumewe bila kumtazama, akamsukuma mzee Benjamini kwa bega, akashika gurudumu la pili kwa mikono yote miwili, mikono ya kuchuma chai, iliyopasuka na kuwa myeusi kwenye nyufa. Gari likaunguruma, jogoo akapiga mbawa.

“Jamani,” dereva akasema, anacheka kwa aibu. “Jamani, mbele za watu?”

Mkuu wa jimbo akatazama saa. Mzee Didas akamtazama mchungaji. Mchungaji akaona wanawake wawili wameng'ang'ania gari la mgeni, akaona simu mbili tatu zinaanza kunyanyuliwa, akainua mkono juu haraka.

“Wapendwa! Kabla wageni wetu hawajaondoka. Tufumbe macho, tuombe.”

Simu zikashuka. Uwanja mzima ukainamisha vichwa na kufumba macho: kwaya, akina mama wa kanga, mzee Benjamini, mzee Didas akiwa wa kwanza. Mchungaji akaanza kumshukuru Mungu kwa moyo wa utoaji. Dereva peke yake hakufumba, kwa sababu alikuwa na kazi ya kuwabandua vidole kwenye magurudumu, kimoja kimoja, na alikuwa anajitahidi asiwaumize.